Hodi kwa Kifaransa

Sherbrooke, Februari. Nje ni hasi ishirini na mbili,
nami nimesimama chumba cha kufulia, ghorofa ya chini,
nikihutubia mashine sita.
Mesdames et messieurs, naziambia.
Moja inazungusha mashuka ya jirani.
Bonjour à toutes et à tous.
Nyingine inatikisa kichwa.

Kadi hizi kaniandikia Madame Ghislaine,
mwalimu mstaafu, Jumatano jioni, maktaba ya mtaa,
herufi zake zimelala upande mmoja
kama mpunga ulioguswa na upepo.
Kadi ya kwanza ya salamu. Ya pili ya jina:
Permettez-moi de me présenter.
Niruhusuni nijitambulishe.
Nikamwuliza: na wakikataa?
Akavua miwani. Miaka thelathini na minne kafundisha,
hajawahi kuulizwa hilo.

Ya tatu ya shukrani: je tiens à vous remercier.
Kitenzi hicho, akasema, asili yake ni kushika.
Nashikilia kuwashukuru.
Nikakipenda hapohapo. Kwetu Korogwe
shukrani hutolewa tu; huku kumbe
mtu huishika kwa mikono miwili kama kikombe cha moto,
asije akaimwaga kabla ya kufika.

Nami nikamfundisha moja ya kwetu.
Baba mdogo Mhando, karani wa kata,
alikuwa akisimama mbele ya mkuu wa wilaya,
madiwani, mashehe, wachungaji, kwaya na jua la saa nane,
anafuta jasho, anasema: itifaki imezingatiwa.
Maneno mawili tu, na wakubwa wote wamekwisha kusalimiwa.
Madame alicheka hadi mlinzi wa maktaba akachungulia.
Akaiandika nyuma ya kadi, i-ti-fa-ki,
akapiga mstari chini yake.

Ya tano sikuipenda.
Mon exposé s'articule autour de trois points.
S'articule! Ulimi ulijikwaa pale
kama mguu uliotafuta ngazi isiyokuwepo.
Nina hoja moja: mabomba yanaganda.
Tatu za nini?
"Weka tatu," akasema. "Wakisikia moja
watadhani hukujiandaa."
Basi nikaigawa: yanaganda jikoni,
yanaganda bafuni, yanaganda ndani ya ukuta.

Alhamisi. Ukumbi wa ushirika wa nyumba.
Wapangaji arobaini na kitu, makoti mapajani,
viatu vinayeyusha theluji, vinachora ramani sakafuni.
Mwenyekiti Réjean analitamka jina langu, Mwanamkuu,
akilipunguza silabi mbili.
Nasimama. Natia mkono mfukoni.
Sarafu za mashine. Soksi moja.
Kadi zimebaki juu ya mashine ya nne.

Kimya kile kilikuwa na uzito wake,
ungeweza kukipima kwa kilo.
Mabibi na mabwana wamenikimbia,
permettez imekimbia, hata ile ya kushika imeniponyoka.
Kinachokuja ni kijineno ambacho hakikuwa kwenye kadi yoyote,
Madame alikitupa akiwa mlangoni, anafunga skafu:
Est-ce que vous m'entendez bien, au fond?
Mnanisikia vizuri, huko nyuma?

Na kutoka nyuma kabisa, ubavuni mwa kipasha joto,
bibi mmoja mwenye kofia ya sufu:
Pas trop!
Si sana!

Ukumbi ukacheka. Mtu akavuta kiti chake mbele.
Mwingine akavuta. Viti vikakwaruza,
makoti yakaanguka, yakaokotwa,
Réjean akasogeza meza kwa goti.
Nikajua nimepiga hodi, nimeitikiwa.
Pengine karibu ya huku ndiyo hiyo: si sana.
Sogea. Sema tena.

Nikasogea. Nikasema tena.
Mabomba, nikasema, yanaganda.
Itifaki nikaizingatia baadaye,
kwenye kahawa.